Salamu za Krismasi: Mkono wa Kuume na Mkono wa Kushoto

Ndugu zangu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Heri ya Krismasi kwenu nyote: mliozungukwa na watoto, mlio peke yenu, mlio zamu usiku huu kwa sababu wagonjwa hawana sikukuu, na ninyi ambao mwaka huu kuna jina moja la ndugu au rafiki halitajwi tena nyumbani kwenu kwa sababu ya siasa. Hasa ninyi wa mwisho ndio niliowafikiria nilipokaa kuandika, maana nami ni mmoja wenu.

Nilifungua Injili ya Luka kujiandaa na sikukuu, nikakwama mapema. Sikufika horini. Nilikwama kwenye mstari wa kwanza wa sura ya pili: "Siku zile amri ilitoka kwa Kaisari Augusto ya kwamba iandikwe orodha ya majina ya watu wote wa ulimwengu." Miaka yote nimeusikia mstari huo ukisomwa haraka, kana kwamba ni ukumbi wa kupitia tu ili tuwafikie malaika na wachungaji. Safari hii ulinishika. Habari ya kuzaliwa kwa Mwokozi inaanza na amri ya serikali. Kaisari anataka kujua ana watu wangapi chini yake, na kwa ajili hiyo mwanamke mwenye mimba ya kujifungua anatoka Nazareti kwenda Bethlehemu.

Na orodha haikuwa jambo dogo kwa watu wale. Katika Matendo ya Mitume, Luka huyo huyo anatukumbusha Yuda Mgalilaya, aliyeinuka siku za kuandikwa orodha, akawavuta watu nyuma yake, naye akapotea na wafuasi wake wakatawanyika. Kuandikwa kulikuwa na maana ya kumtambua Kaisari na kodi yake. Kukataa kulikuwa uasi. Mwana wa Mariamu alikuja kuishi kati ya watu ambao walikuwa wakitazamana na kuulizana kimoyomoyo: huyu ni wa nani?

Tunaulizana hivyo hata leo, na majibu tunayo tayari mfukoni. Mhafidhina. Mliberali. Mtu wa mrengo wa kulia, mtu wa mrengo wa kushoto. Mzalendo, msaliti, kibaraka. Sisemi kwamba majina haya hayana maana kabisa. Watu wanaofikiri tofauti juu ya kodi, ardhi, sheria na dola lazima wawe na namna ya kuitana. Lakini jina likishabandikwa kwenye paji la uso wa mtu, kazi ya kumsikiliza inakwisha. Unajua atakalosema kabla hajafungua kinywa. Akisema jingine, unaona anakuficha. Akilia, unasema ni siasa.

Hata hiyo kulia na kushoto ilianza kama viti tu. Mwaka 1789, Ufaransa ikiwa katika mapinduzi, wajumbe wa Bunge la Taifa walijadili kama mfalme awe na uwezo wa kuzuia sheria zao. Waliotaka mfalme abaki na nguvu walizoea kukaa kuume kwa mwenyekiti wa kikao, na waliotaka nguvu hizo zipunguzwe wakakaa kushoto kwake. Ulikuwa mpangilio wa watu ndani ya ukumbi mmoja, wakiwa na hoja zao mahususi za wakati huo. Kisha viti vile vikaanza kutembea duniani. Leo tunawapanga kwavyo watu ambao hawajapata kusikia habari za ukumbi ule, juu ya mambo ambayo wajumbe wale wasingeyatambua hata wangeelezwa.

Habari hiyo ya viti ilinirudisha kwenye Biblia. Katika Marko sura ya 10, Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo, wanamwendea Yesu na ombi: waketi mmoja mkono wake wa kuume na mmoja mkono wake wa kushoto katika utukufu wake. Walikuwa wanafikiria baraza la mawaziri, tuseme hivyo. Wale kumi waliposikia walikasirika, na sidhani walikasirika kwa sababu ya unyenyekevu. Yesu aliwajibu ndugu wale wawili kwamba hawajui wanaloliomba. Jibu hilo nililiona kuwa la jumla mno, mpaka niliposoma sura ya 15. Pale Golgotha, Marko anaandika kwamba walisulibiwa pamoja naye wanyang'anyi wawili, mmoja mkono wake wa kuume na mmoja mkono wake wa kushoto. Ni maneno yale yale. Nafasi mbili ambazo wanafunzi walizigombea njiani, siku ile zilikuwa na watu, na watu wenyewe walikuwa wametundikwa.

Tafadhali msinisome vibaya hapo. Simweki Kristo katika mrengo wa kati, kwamba yeye ni mtu wa wastani asiyependa kelele. Hiyo nayo ni lebo, tena wengi tuliochoka tunaipenda kwa sababu haitugharimu kitu. Aliye katikati ya wale wawili alikuwa amesulibiwa kama wao, na aliweza kuzungumza na mmojawapo mpaka mwisho.

Sasa niseme langu. Katika kwaya yetu kuna mtu ambaye tulisimama naye safu moja kwa miaka mingi, sote tunaimba besi. Mimi nina tabia ya kuingia mapema, na yeye alikuwa ananigusa kiwiko ili nisubiri. Ukaja uchaguzi. Yeye alikuwa upande wake, mimi wangu. Tulianza kwa utani, tukahamia kwenye hoja, na jioni moja baada ya mazoezi, mbele ya vijana tuliokuwa tunawafundisha kuimba, nilimwita kibaraka. Nililisema kwa sauti, nikalisema mara mbili. Hakunijibu. Alikunja karatasi yake ya nota, akaiweka mfukoni, akatoka. Baadaye nikasikia kwamba amehamia ibada ya alfajiri, ambayo haina kwaya.

Kinachoniuma kuliko neno lenyewe ni kwamba niliendelea kuimba. Jumapili iliyofuata nilisimama mahali pale pale nikaimba juu ya upendo wa Mungu, niko sawa kabisa, najiona nimeisimamia kweli. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Mimi nilichagua. Nilitafuta neno ambalo litamwondoa katika hesabu ya watu wanaostahili kusikilizwa, nikalipata.

Ndiyo maana mwaka huu orodha nyingine ya majina imenifariji kuliko nilivyotarajia: ile ya mitume kumi na wawili. Katika Mathayo sura ya 10 limo jina la Mathayo mtoza ushuru. Wenzake kadhaa wametajwa kwa baba zao au ndugu zao. Yeye anabaki na ile kazi ambayo watu waliitemea mate, ya kukusanya fedha kwa niaba ya utawala uliosimama kwa mgongo wa Roma. Mistari hiyo hiyo inamtaja Simoni, ambaye Luka anamwita Zelote, jina la wenye wivu mkali kwa ajili ya Mungu na taifa lake. Siwezi kusema Simoni aliwahi kushika upanga, Injili hazisemi. Lakini jina lake na kazi ya Mathayo havikupatana hata kidogo, na Yesu aliwaita wote wawili, wakala chakula kimoja.

Ningependa sana kujua walivyozungumza usiku, wakishazima taa. Hatujaambiwa. Hakuna mstari unaosema Mathayo aliomba radhi au Simoni alilegeza msimamo. Tunachojua ni kwamba katika Matendo sura ya 1, baada ya msalaba na ufufuo, wakati Yuda Iskariote hayupo tena katika hesabu, majina yao yote mawili yamo katika chumba kimoja cha juu, wakidumu katika kusali. Labda bado walikuwa wanatofautiana juu ya kodi. Mimi naamini hivyo, na naona hilo ni kubwa kuliko wangekuwa wamekubaliana.

Mtu ataniuliza, na ni haki yake: basi Mkristo anyamaze, asiwe na upande, mnyonge akidhulumiwa tuimbe tu nyimbo za Krismasi? Hapana. Kabla mtoto hajazaliwa, mama yake alikwisha imba kwamba Mungu amewaangusha wakuu katika viti vyao vya enzi, na wanyonge amewakweza. Wenye njaa amewashibisha, na wenye mali amewaondoa mikono mitupu. Wimbo huo hauna upole kwa dhuluma ya serikali yoyote, ya upande wako au ya upande wangu. Na katika habari hiyo hiyo ya Krismasi yupo Herode anayeua watoto wa Bethlehemu. Anayeona hayo akasema "mimi si mtu wa siasa" hajalinda imani yake. Amewaacha akina mama wa Bethlehemu walie peke yao.

Hatari ninayoiogopa ni nyingine. Ni pale lebo inapotangulia na Kristo anafuata nyuma kama mpambe. Ujerumani ya miaka ya 1930 ilikuwa na vuguvugu la waumini waliojiita Wakristo wa Kijerumani. Waliupenda msalaba, na waliupenda utawala wa Hitler, wakaviunganisha, na katika uchaguzi wa kanisa wa mwaka 1933 wakapata ushindi mkubwa. Hawakujiona wamemkana Bwana. Waliona wamempatia taifa. Mwezi Mei 1934 wachungaji na walei waliowapinga walikutana katika mji wa Barmen, wakatoa tamko, ambalo mwandishi wake mkuu alikuwa mwanateolojia Karl Barth, wakisema Yesu Kristo ndiye Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia na kulitii, na wakakataa fundisho kwamba kuna sehemu za maisha yetu zilizo chini ya mabwana wengine. Walikuwa na upande, na wengine wao waliulipia gerezani. Lakini upande huo ulitoka kwa Bwana wao. Hawakumtafuta Bwana wa kuja kuuwekea muhuri.

Hata jina letu lenyewe lina historia yake katika jambo hili. Luka anasema wanafunzi waliitwa Wakristo kwanza kule Antiokia. Waliitwa, hakuna mahali anaposema walijiita. Na neno hilo la Kigiriki limeumbwa kwa mwisho ule ule wa neno Maherodi, watu wa Herode: ni namna ya kuwataja wafuasi wa mkubwa fulani, watu wa kambi yake. Watu wa Antiokia walituona tukaonekana kama chama kingine mjini. Katika Agano Jipya lote jina hilo limo mara tatu tu. Mara nyingi zaidi wao kwa wao waliitana ndugu.

Niongeze jambo moja ambalo sikuwahi kulitambua mpaka Majilio haya, majuma ya kujiandaa na Krismasi. Katika Yohana sura ya 8, watu wanaobishana na Yesu wanamrushia maneno mawili kwa pamoja: wewe u Msamaria, nawe una pepo. Lile la kwanza lilikuwa tusi la kabila na la dini, chapa ya watu wasiochangamana nao. Tazameni anavyojibu: "Mimi sina pepo, lakini mimi namheshimu Baba yangu." La pepo amelikana. La Msamaria amelipita. Angeweza kusema kwa haki kabisa kwamba yeye ni Myahudi, wa ukoo wa Daudi, aliyezaliwa Bethlehemu. Hakusema. Nadhani kulikana kungekuwa kukubali kwamba kuwa Msamaria ni aibu, na kule Sikari, mji wa Wasamaria, kulikuwa na mwanamke na mji mzima aliokwisha kaa nao siku mbili. Akaacha tusi limkae, ili wao lisiwaumize.

Nimelitafakari hilo kwa majuma manne, kila mshumaa wa Majilio ulipowashwa kanisani. Mshumaa wa nne ulipowaka nilitoka nje ya kanisa nikampigia simu yule ndugu wa besi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na sehemu nzuri ya maneno hayo ilikuwa bado inaeleza kwa nini nilikuwa sahihi. Sikuyatumia. Nilisema: ndugu yangu, nilikuita jina ambalo si lako, mbele ya vijana, naomba unisamehe, na nitaliondoa mbele ya vijana hao hao. Alikaa kimya muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema bado anaamini nilikosea juu ya uchaguzi. Nikamwambia nami bado naamini yeye ndiye aliyekosea. Akacheka kidogo. Akauliza mkesha tunaimba nini.

Basi pokeeni salamu zangu, ninyi mlio kuume na mlio kushoto, mnaonipenda na mliokwisha niwekea jina. Malaika aliwaambia wachungaji kwamba habari ile njema ya furaha kuu itakuwa kwa watu wote. Mungu awape mkesha wenye amani, awape simu ya kupiga na mtu wa kuipokea. Heri ya Krismasi.

Mimi natangulia kanisani mapema leo, nikaweke karatasi yake ya nota mahali pake, na nikaongee na vijana kabla hajafika.