Mjomba, hiyo kabureta mpya irudishe dukani

Mjomba, shikamoo.

Nimesikia kutoka nyumbani kwamba umenunua tena kabureta, na Honda bado inazima ukiachia mkono wa mafuta. Nakuandikia hadharani kwa sababu hauko peke yako. Kila nikipita vijiwe vya hapa Dodoma mjini, iwe Nkuhungu au Majengo, nakuta kijana anahangaika na Honda CG au XL ya baba yake, na ushauri aliopewa ni huohuo: badili kabureta. Naomba usibadili kitu kingine mpaka umalize kusoma.

Hiyo CG125 yako ni ya ukoo unaoheshimika. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba gunia la mahindi na oili inamwagwa siku mtu akikumbuka. Ndiyo maana valvu zake zinasukumwa na fimbo; hakuna mnyororo wa kamshafti wa kukaza. Wachina wameinakili injini hiyo kwa miaka mingi, na bodaboda nyingi zinazokupita ukienda Kibaigwa ni wajukuu zake. Mtego upo hapo. Kabureta za dukani zinaingia boliti kwa boliti, lakini jeti za ndani, yaani vitundu vya kupimia mafuta, zimepangwa kwa injini nyingine. Ile kabureta yako ya zamani, Keihin, ambayo fundi aliitupa kwenye boksi la spana ina thamani kuliko hii inayong'aa. Itafute kabla wajukuu hawajaifanya gari la kuchezea.

Sasa tusianze na kabureta. Pikipiki yenye plagi mbovu au valvu zilizobana inazima vilevile, nayo kabureta inasingiziwa. Valvu za CG zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, na nafasi yake ni milimita 0.08, ya kuingiza na ya kutoa. Ikibana hapo, asubuhi utapiga kiki mpaka mguu uombe likizo. Plagi ni D8EA, mwanya wake kati ya milimita 0.6 na 0.7. Na kama inatembea vizuri halafu inakufa njiani, fungua kifuniko cha tenki: ukisikia hewa inavutwa kwa sauti, na ikawaka mara moja, kitundu cha kifuniko kimeziba kwa vumbi. Kwa hilo huhitaji fundi.

Hayo yakiwa sawa, kata kipande cha plasta nyeupe ukibandike kwenye mkono wa mafuta, kingine kwenye mshikio usiozunguka, uchore mstari kwenye kila kimoja, ikutane mkono ukiwa umeachiwa. Weka alama za robo, nusu na robo tatu kwa kalamu. Tembea nayo, na inapokosea angalia mstari uko wapi. Kuanzia sailensa, yaani injini inaponguruma mkono ukiwa umeachiwa, hadi kabla ya robo, mwenye kazi ni jeti ndogo na skrubu yake. Robo hadi robo tatu ni sindano inayopanda na kushuka ndani ya kabureta. Kutoka hapo hadi mwisho ni jeti kubwa. Fundi asiyekuuliza inakosea mkono ukiwa wapi anabahatisha kwa pesa yako.

Yako inazima kwenye sailensa, inataka choki hata ikiwa imepata moto, na ukiipa mafuta inakwenda vizuri. Nikisikia hivyo nafikiria mambo mawili tu: jeti ndogo imeziba, au hewa inaingia pasipotakiwa. Na kwa kuwa umebadili kabureta na ugonjwa haukuondoka, mimi naweka dau kwenye hewa.

Tazama pale kabureta inapofungwa kwenye injini. Kuna kipande kinene cheusi cha kuzuia joto, na oringi, mpira wa duara wa kuziba hewa, inakaa kwenye mfereji wake. Oringi ya miaka mingi huwa imelala bapa kama imepigwa pasi, imekuwa ngumu, ukiipinda inapasuka. Mafundi wakiona hewa inavuja wanazidi kukaza boliti, na bapa la kabureta linapinda kidogo katikati. Liweke juu ya kioo: likicheza, limepinda. Litasawazishwa kwa msasa mwembamba uliolazwa juu ya kioo hichohicho, taratibu, ukilizungusha. Oringi mpya ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na ulichokwisha kutumia.

Ili kuhakikisha kabla ya kufungua, iache ing'urume, kisha nyunyizia maji ya sabuni kuzunguka kiungo hicho. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Wengine wanatumia petroli kwa kipimo hiki. Usithubutu, Mjomba, injini ina moto na wewe una ndevu.

Najua unauliza: kama hewa imezidi, mbona plagi ni nyeusi? Kwa sababu fundi wako aliona inazima, akaongeza mafuta. Akafungua skrubu, akapandisha sindano, na kosa moja likafunika jingine. Sailensa ikapata nafuu ya uongo, na huku kati ikawa inakunywa mafuta na kutoa moshi. Plagi yenye masizi makavu inasema mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi. Inayotakiwa ina rangi ya chai ya maziwa. Yenye unyevunyevu wa oili ni habari ya ringi za pistoni, na hiyo tutaongea siku nyingine tukiwa tumekaa.

Ile Keihin ukiipata, ifungue bakuli juu ya sinia ili chochote kisipotee mchangani. Petroli iliyolala miezi inaacha utando wa kahawia unaonata, na jeti ndogo ndiyo inayoziba kwanza. Ichomoe kwa bisibisi inayojaa kwenye mfereji wake, ielekeze kwenye mwanga. Unatakiwa uone nukta ya mwanga, ya duara, safi. Ukiona giza au mwezi mchanga, loweka kwenye petroli safi, pitisha uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, halafu puliza kwa upepo wa pampu ya fundi pancha. Waya wa chuma hapana. Jeti ni ya shaba nyororo, ukiikwangua umeipanua, na haitarudi.

Skrubu ya hewa inawachanganya hata wazoefu. Kama ipo upande wa chujio, kuifunga kunaongeza uzito wa mafuta. Kama ipo upande wa injini, kuifunga kunapunguza. Ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Pikipiki ipate moto wa kutosha, choki isiwe inafanya kazi, ndipo uizungushe robo kwa robo mpaka mlio upande juu kuliko pengine pote. Kisha shusha sailensa kwa skrubu ya pistoni ya kabureta, siyo ya injini.

Kuhusu maneno ya fundi kwamba huku juu hewa ni nyepesi hivyo jeti zibadilishwe: kuna ukweli, lakini amezidisha chumvi. Dodoma mjini tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni pungufu kama asilimia 12 kulinganisha na Dar es Salaam. Kabureta iliyosetiwa Kariakoo itakunywa kidogo zaidi ikifika kwetu. Hiyo inamalizwa na skrubu, au kupandisha klipu ya sindano ngazi moja ili sindano ishuke. Vumbi la Kongwa lina madhara kuliko mwinuko. Chujio likiwa la sifongo, lifue kwa maji ya sabuni, likauke kivulini, lipake oili kidogo na ulikamue. Usiliondoe eti ipumue vizuri. Upepo wa mwezi wa nane utasaga silinda.

Oringi nimeshanunua, naiweka kwenye bahasha pamoja na plagi na kuikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi. Mpokee stendi. Ukishafunga, tembea mpaka Kibaigwa na kurudi, kisha chomoa plagi, ipige picha juani, unitumie. Ya pikipiki yenyewe usinitumie, najua ilivyo.