Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Reli: Kahe ilikuwa njia panda

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salaam kutoka Moshi. Kwanza ahsante kwa treni. Tangu abiria waanze tena kushuka Moshi Desemba 2019, na Arusha Oktoba 2020, wajukuu zangu wamejua kumbe ile reli si ya kuchungia mbuzi tu. Ombi langu ni la Kahe, stesheni ya karibu na Moshi.

Kijana aliyekaa dirishani anaipita Kahe kama kijiji chochote. Hajui kwamba hapo mtu aliweza kuchagua bahari ya kwenda: Tanga au Mombasa.

Wajerumani walianza kutandika reli Tanga mwaka 1893. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali yao ikaichukua 1899, na Moshi wakafika 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18! (Nasi tunanung'unika reli mpya ya SGR inachelewa.) Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Waingereza walitandika reli yao kutoka Voi, kwenye reli ya Mombasa huko Kenya, kupitia Maktau na Taveta, nyuma ya askari wao, na Machi 1916 wakapigana na Wajerumani hapo Kahe. Wajerumani walikuwa na mzinga ulioopolewa kwenye meli Königsberg, ile iliyozama Rufiji. Walipozidiwa wakaulipua wenyewe, wakashuka kusini. Reli ya Voi ikaungwa na ya Tanga papo hapo Kahe.

Baadaye, 1929, njia ikafika Arusha, na Kahe ikawa mahali pa kugawana mizigo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na reli ya Taveta ikakosa pa kwenda.

Naomba kibao kimoja pale stesheni, kwa Kiswahili, kiseme hayo. Na kabla ya kibao, tumeni mtu mwenye kinasa sauti awasikilize wastaafu wa reli waliobaki Kahe na Moshi. Mafaili yanaweza kutaja tarehe. Wao wanajua nani alishika bendera, behewa gani lilibeba kahawa, na stesheni masta yupi alikuwa mkali kwa wasio na tiketi. Mafaili yatangoja. Wazee hawa hawangoji.

Huyo mtu aje asubuhi. Mmoja wao akishakula cha mchana, halafu akasikia honi ya treni, haongei tena na mtu hadi ipite.

Wako,
Mkazi wa Moshi