Mkipanda Mandara bebeni kahawa ya nyumbani, tena kwenye chupa ya chai

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, maana hili jambo linanikera na hapohapo linanichekesha. Siku hizi vijana wetu wa Moshi na Arusha, na hata ndugu zetu wa Dar wakija likizo, wamependa sana kupanda Kilimanjaro ya siku moja, yaani asubuhi unaingia geti la Marangu unapanda mpaka Mandara, kambi ya kwanza, unakula, unashuka, usiku umelala kwako. Ni kitu kizuri na mimi mwenyewe napanda karibu kila mwaka. Ila ukiona wanachobeba utashika kichwa. Spika, soda za kopo, pawabanki mbili, chipsi za jana, afu sweta hana na mguuni kavaa raba za kuendea sendofu.

Jamani, pale getini ni mita 1,800 na ushee, Mandara ni 2,720, na ni kilometa kama 8 ndani ya msitu, masaa matatu hivi kwa mwendo wa pole pole. Msitu ule una mvua zake wenyewe, Moshi mjini jua linachoma kule juu manyunyu yanakudondokea shingoni. Unapanda unatoka jasho, fulana inaloa chapachapa, ukikaa dakika tano tu kupumzika inakugandia mgongoni unaanza kutetemeka kama una malaria. Kwahiyo fulana ya kubadilisha, sweta na koti la mvua sio mbwembwe. Weka na maji lita mbili au zaidi, ndizi, mayai ya kuchemsha na kimfuko cha kurudishia taka zako, begi limetosha. Chakula chenyewe kaa nacho karibu, wale kima wamezoea watu, ukigeuka kumjibu mwenzio andazi limeshapanda mti.

Sasa kahawa, ambayo ndo hasa imenifanya niandike. Tunapita Himo, tunafika Marangu Mtoni, tunapanda mpaka getini, njia nzima kushoto kulia ni migomba na chini yake mibuni. Kilema hapo jirani wamisionari walipanda kahawa tangu mwishoni mwa karne ya 19, chama chetu cha ushirika wa kahawa, KNCU, kipo tangu 1933, mnada wa kahawa uko hapahapa Moshi, halafu tukifika Mandara mtoto wa Kichaga anachana paketi ya kahawa ya unga ya dukani anaomba maji ya moto! Mzungu wa pembeni anamshangaa, na paketi yenyewe anaitupa chini.

Mimi buni natoa kwenye kihamba cha mama, yaani shamba la nyumbani. Nakaanga kwenye kikaango moto mdogo mpaka ziwe rangi ya chokoleti, ukiziachia zikawa nyeusi tii utakunywa mkaa, natwanga kwenye kinu, nachemsha na kipande cha tangawizi, naacha machicha yatulie chini ndo nachuja. Chupa ya chai naisuuza kwanza na maji ya moto naifunika dakika chache, ukimimina kahawa kwenye chupa ya baridi unaipoteza bure. Sukari inakaa pembeni kwenye kikopo. Nikifunga saa 12 asubuhi, saa 7 mchana bado inatoa moshi.

Lakini chupa iwe ya bati ndani, sio ya kioo. Nasema hivi kwa sababu mwaka wa kwanza nilibeba ile ya mama yenye maua mekundu, nikaifungia sweta nikajiona mjanja, tulipofika Kisambioni, pale pa kupumzikia njiani, nikatua begi kwenye jiwe nikasikia kacha! Nikaitikisa, ndani inalia kama kayamba. Kahawa lita nzima imejaa vipande vya kioo, wenzangu wamekaa na vikombe vya bati mkononi wananiangalia. Ikabidi tushushie mayai na maji, na mwongozaji wetu aliyekuwa anaisubiri ile kahawa tangu getini hakuongea na mimi mpaka Mandara.

Kuna wanaosema eti ya nini kubeba chupa, beba jiko dogo la gesi uchemshie hukohuko juu. Hapana, achaneni na moto kabisa. Oktoba 2020 mlima uliungua siku nyingi kuanzia pale Whona, kati ya Mandara na kambi ya Horombo, watu mamia wakapanda kuuzima na matawi ya miti, na taarifa za mwanzo zilisema chanzo ni watu waliokuwa wanapasha chakula. Chemsha nyumbani kwako, mlima uuache upumzike.

Na kahawa usiinywe pale penye vibanda kwenye kelele. Ongeza robo saa uende mpaka Maundi, ile kreta ndogo, kaa kwenye ukingo, ukungu ukifunguka unakiona kilele cha Mawenzi upande mmoja na tambarare za Kenya upande mwingine. Mimina nusu kikombe tu maana upepo wa pale unapoza haraka, umalizie umimine tena. Mimi huwa nakula na kashata, mume wangu anasema hiyo ni tabia ya watu wa pwani, ila chupa ikifika nusu na yeye anaomba kipande.

Mama chupa yake ya maua bado anaidai.

Mpanda mlima wa Jumamosi,
Moshi