Damu ya Kilifi haikwenda kwa mumiani

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyedai kuwa damu ya watoto inayochotwa na watafiti wa Kilifi huenda kuuzwa ng'ambo. Maneno hayo nayasikia hata kwenye feri ya Likoni, na mumiani hakosi kutajwa. Mimi kazi yangu ni maabara, kutwa nashinda na damu za watu, na yananiudhi.

Damu yenyewe ilifanyiwa nini? Katika utafiti mmoja wa malaria, watoto 42 wa Kilifi, wazima wa afya, walitolewa damu. Baadhi yao wamerithi aina ya damu iitwayo Dantu, wengine hawana. Chembe zao nyekundu ziliwekwa chini ya darubini yenye kamera. Chembe moja upana wake haufiki sehemu 1 ya 100 ya milimita, na ikiwa hai ukingo wake hautulii, hutetemeka. Kwenye slaidi zangu hilo hulioni, maana sisi damu twaikausha na kuitia rangi ya Giemsa ndipo tusake vijidudu. Tunachohesabu ni mizoga. Wao walizirekodi chembe zikiwa hai, wakapima ule mtetemo, kisha wakakokotoa utando unaoizunguka chembe umekaza kiasi gani. Uliolegea hutetemeka sana. Uliokaza, mfano wa ngozi ya ngoma iliyowambwa barabara, hutetemeka kidogo.

Sasa kijidudu cha malaria, ili kipenye, sharti kiubonyeze utando huo kwanza. Kwa mwenye Dantu utando umekaza zaidi, na ukipita kiwango fulani kijidudu hugonga wee, kisiingie. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature, kazi ya watafiti wa Kilifi na wenzao wa Cambridge. Kwingi duniani Dantu ni adimu, lakini Kilifi karibu mtu 1 katika kila 10 ana nakala moja ya jeni yake. Kwa hiyo darubini iwe ya bei gani, bila watoto hao wa ng'ambo ya daraja la Mtwapa isingekuwa na cha kupima.

Msomaji wako simlaumu sana. Habari hii mimi niliisoma kwa Kiingereza, na hapo gazeti lako nalo lina deni: malaria kwenu ni vyandarua na waziri akikata utepe. Tupeni ukurasa mmoja. Waalikeni vijana wa Pwani wanaofanya kazi hiyo waeleze kwa Kiswahili, mzazi ajue kabla ya kutia sahihi mwanawe atolewe damu, na picha za chembe zenyewe zitoke kwa rangi.

Na anayejidhania ana Dantu asitupe chandarua. Kipimo cha kuijua Dantu kliniki zetu za mtaani hazina.

Mtaalamu wa maabara,
Likoni, Mombasa