Jarida linafungwa: tuhifadhi chati za mafuta

Ndugu wanakikundi, jarida letu la bolingi, mchezo wa kuviringisha tufe ili kuangusha pini, linafungwa. Toleo mlilonalo ni la mwisho. Inauma, ila sababu inaonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vyama vya bolingi vya Marekani vilikuwa na wanachama zaidi ya milioni 8. Leo USBC, chama cha bolingi cha Marekani kilichoundwa 2005 kwa kuviunganisha, hakifikishi milioni 2. Kumbi bado zinapata watu, lakini wengi huja kwa sherehe tu. Mnunuzi wa jarida la ufundi ni mchezaji wa ligi, anayerudi kila wiki, na huyo ndiye aliyepungua.

Tafadhali pigeni picha kurasa za chati za mafuta, yaani michoro ya jinsi mafuta yanavyopakwa kwenye njia ya tufe, na kila picha iandikwe urefu wa mafuta kwa futi. Bila namba hiyo chati haina kazi. Ukiwa nayo, toa 31: mafuta ya futi 41 yanakupa ubao wa 10, ndipo tufe linapopaswa kupita likitoka kwenye mafuta. Mbao zinazounda upana wa njia ni 39, na anayetumia mkono wa kulia huhesabu kuanzia kulia. Hayo ni makadirio ya kuanzia.

Mafuta yakipungua, tufe hupinda mapema na kuipiga pini ya mbele usoni, kisha pini za pembeni zinabaki zimesimama. Wengi hapo huongeza nguvu, na ni kosa. Wa mkono wa kulia asogeze miguu mbao 2 kushoto, shabaha ubao 1 upande huohuo. Futeni tufe kila baada ya kurusha.

Picha zitumwe humu kabla ya Ijumaa.