Waliopanda Mahenge hawakuwa wajinga

Mhariri,

Kila Februari, Songea inapowakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, masimulizi ya Vita vya Maji Maji hurudi palepale: Kinjikitile wa Ngarambe aliwapa watu dawa ya maji, wakaamini risasi zitageuka maji, wakafa. Basi. Mimi mzaliwa wa Mahenge hunikera, maana hayaelezi yaliyotokea kwetu tarehe 30 Agosti 1905.

Asubuhi hiyo Wapogoro na Wambunga walilivamia kwa maelfu boma la Wajerumani, kule juu. Ndani alikuwamo Kapteni von Hassel na askari wake (wengi wao weusi kama sisi, tusijidanganye) pamoja na bombomu mbili, zile bunduki za kumimina risasi mfululizo. Mmisionari mmoja aliyekuwa humo bomani aliacha maelezo. Anasema kundi la kwanza lilikuja kwa safu, na risasi zilipoanza kuwapukutisha, waliosalia walishika safu zao kama robo saa nzima, huku wakizidi kusogea, ndipo wakatawanyika kujificha kwenye mawe.

Robo saa mbele ya bombomu! Aliyekwisha kuona wenzake wakilala chini kulia na kushoto, huyo bado anategemea maji? Mimi sisadiki. Alishajua, na akaenda.

Kisha likatokea kundi jingine upande wa pili, watu zaidi ya elfu moja. Wakajibanza nyuma ya nyumba za kijiji, halafu wakapanda mbio njia ya bomani. Wa mbele kabisa walianguka hatua tatu tu kutoka kwa wapiga bunduki. Hatua tatu ni upana wa chumba cha kulala. Ukiniuliza mimi, kilichowaponza ni kufika mafungu mafungu. Wangepanda pande zote mbili kwa mara moja, sijui huyo kapteni angegeuzia wapi mitutu yake. Kulipotulia, alishuka kutoka mnarani akagawa shampeni.

Na hata hapo hawakurudi majumbani. Boma lilibaki limezingirwa hadi Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi Septemba.

Ombi langu, Mhariri: mwakani, mkishamaliza Songea, mtume mwandishi Mahenge. Aanzie chini, apande kwa miguu, na akifika juu ahesabu hizo hatua tatu.

Mzaliwa wa Mahenge,
Dar es Salaam