Kilima cha Mount Tom na madai kwamba theluji ni ya matajiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nipinge kauli ambayo nimeisikia mara nyingi miongoni mwetu Waswahili tunaoishi Marekani, nayo ni kwamba kuteleza thelujini kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba zinazofungwa kwenye viatu, ni mchezo wa matajiri, na kwamba mtoto wa mhamiaji anayeutamani anatamani makuu. Kwa hali ilivyo leo siwezi kusema kauli hiyo haina msingi. Ninachokataa ni dhana kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi Amherst, magharibi mwa jimbo la Massachusetts, katika miaka ya 1990, nilijifunza mchezo huo kwenye kilima ambacho matajiri hawakuwa na habari nacho.

Kilima hicho kilikuwa ubavuni mwa safu ya Mount Tom, mjini Holyoke. Huo ni mji wa viwanda vya karatasi, uliojengwa juu ya mifereji iliyochota nguvu ya mto Connecticut, na ndiko mpira wa wavu ulikobuniwa mwaka 1895, jambo ambalo wachezaji wengi wa mchezo huo kwetu hawalijui. Viwanda vilipokuwa vikififia, mji ulipata wakazi wapya kutoka Puerto Rico, ambao wengi wao walikuja kwanza kufanya kazi katika mashamba ya tumbaku ya bonde lile. Kituo cha kuteleza kilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kimo chake kutoka kileleni hadi chini kilikuwa mita 200 hivi tu, kwa hiyo mtu aliyezoea milima ya Vermont au Colorado angekicheka. Hata hivyo, taa zake za usiku zilionekana kutoka barabara kuu ya 91, na mfanyakazi aliyetoka kazini jioni aliweza kwenda, akateleza saa mbili tatu, akarudi nyumbani kulala. Watoto wa shule nao waliletwa kwa mabasi siku za kazi baada ya masomo.

Aliyenifundisha hakuwa mwalimu wa kuajiriwa, bali kijana mmoja niliyekuwa nikiosha naye vyombo katika bwalo la chuo, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia Holyoke. Mtu wa Karibi akimfundisha mtu wa Tanga namna ya kusimama juu ya theluji ni jambo lililotuchekesha sisi wawili kuliko lilivyomchekesha mtu mwingine yeyote pale. Alinionyesha kwanza namna ya kukutanisha ncha za skii mbele na kutanua visigino nyuma, zikakaa kama kabari, maana hiyo ndiyo breki ya mwanafunzi. Mteremko haukunitisha sana. Kilichonitisha ni kiti cha watu wawili kinachoning'inia kwenye kebo, ambacho huja kutoka nyuma, hukugonga magotini na kukuchukua upende usipende, na ukifika juu unatakiwa usimame na uondoke upesi kabla kijacho hakijakufikia. Viatu vya kukodi vilikuwa vya plastiki ngumu, vimeshavaliwa na nusu ya bonde, na ifikapo saa tatu usiku theluji ilikuwa imeganda ikawa barafu tupu. Watu wa huko walijivunia barafu hiyo, wakidai kwamba aliyejifunza juu yake hawezi kushindwa popote.

Ieleweke pia kwamba theluji tuliyoitelezea kwa sehemu kubwa haikushuka kutoka mbinguni. Bonde la Connecticut liko chini, na mvua ya Januari inaweza kuyeyusha kwa usiku mmoja theluji ya wiki mbili. Kwa sababu hiyo kituo kilitegemea mashine zinazopuliza maji pamoja na hewa iliyoshindiliwa, matone yakaganda kabla ya kugusa ardhi. Ufundi huo ulianzia jirani kabisa, katika jimbo la Connecticut, mwaka 1950. Faida yake ni kubwa, lakini pampu na mitambo ya hewa hula umeme mwingi, na baridi isipokuwa kali ya kutosha mashine haisaidii kitu. Msimu wa mwisho wa Mount Tom ulikuwa ule wa mwaka 1997 kuingia 1998, majira ya El Niño ileile iliyotuletea Afrika Mashariki mafuriko na kuvunja madaraja, na ambayo huku ilileta kipupwe kilicholegea. Majira yaliyofuata kituo hakikufunguliwa tena.

Sisemi kwamba El Niño peke yake ndiyo iliyokiua. Bima ilikuwa imepanda kwa vituo vyote vya eneo hilo tangu mwaka 1977, mahakama ya Vermont ilipoamua kwamba kituo kimoja kimlipe dola milioni 1.5 kijana aliyepooza baada ya kuanguka kwenye njia ya wanaoanza. Uamuzi huo ulikuwa na haki yake, ila mzigo wake kituo kikubwa kiliweza kuusambaza kwa maelfu ya wateja, na kidogo hakikuweza. Vituo vikubwa navyo vilizidi kujenga hoteli na kununua mashine mpya, na barabara nzuri zikawafikisha watu huko kwa saa mbili. Marekani ilikuwa na vituo 735 vya kuteleza katika msimu wa 1982 hadi 1983, na leo havifiki 500. Jeremy Davis, aliyeanza mwaka 1998 kukusanya kumbukumbu za vilima vilivyofungwa katika majimbo ya New England, ameorodhesha zaidi ya 600, vingi vikiwa malisho ya ng'ombe yaliyofungiwa kamba ya kuwavuta watu hadi juu, iliyoendeshwa kwa injini ya gari kuukuu. Blandford, kilichoanzishwa na klabu ya Springfield mwaka 1936 na kilicho karibu na hapa, nacho kimeshafungwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba soko limeamua na hakuna cha kulalamikia. Kilima kidogo kinapofungwa, wateja wake hawahamii wote kwenye kikubwa, bali wenye uwezo huhama na wengine huacha, kisha baada ya kizazi kimoja tunaambiwa kwamba hao walioacha hawakuwahi kuupenda mchezo. Huko Vail, Colorado, tiketi ya siku moja inayonunuliwa dirishani imeshapita dola 300. Wala si kweli kwamba kilima kidogo hakitoi mabingwa: kile cha familia ya Cochran kule Richmond, Vermont, kilichoanza mwaka 1961 kama kamba nyuma ya nyumba yao, kilimlea Barbara Ann Cochran, aliyetwaa dhahabu katika Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972, na mpwa wake Ryan Cochran-Siegle akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2022. Kilima hicho bado kinafanya kazi, tena bila kutafuta faida. Kule Ascutney, katika jimbo hilohilo, kituo kikubwa kilifungwa mwaka 2010, wanakijiji wakaununua mlima na kuweka kamba inayoendeshwa na watu wa kujitolea.

Mount Tom haukupata bahati hiyo. Mwaka 2002 ardhi yake ilinunuliwa na taasisi za uhifadhi pamoja na klabu ya vijana ya Holyoke, jambo ninalolishukuru, kwa kuwa msitu umenusurika. Hata hivyo nyumba ya mapumziko ilivunjwavunjwa na wahuni, kuta zikajaa michoro, na miti imeota katika njia zilizokuwa wazi.

Ninaandika haya sasa kwa sababu bonde hili lina familia nyingi za Wakongo wanaozungumza Kiswahili, hasa Springfield na West Springfield, na watoto wao wanakua wakiutazama mlima huo bila kujua kwamba uliwahi kuwa uwanja wa watu wa hali yao. Shule kadhaa katika majimbo haya bado huwapeleka wanafunzi, kwa bei iliyopunguzwa, kwenye vilima vidogo vilivyosalia, na kilicho karibu nasi ni Berkshire East kule Charlemont. Fomu huletwa nyumbani msimu wa majani kupukutika, theluji ikiwa bado, na wazazi wengi huzirudisha bila saini kwa kudhani kwamba jambo hilo haliwahusu. Nawaomba, kupitia gazeti lako, waulize shuleni kwanza gharama ni kiasi gani, na kama kuna msaada wa vifaa, kabla ya kukataa. Wanaoamua kusaini wampe mtoto jozi mbili za glavu, kwa maana ya kwanza italowa kabla ya saa moja kupita.

Ni mimi msomaji wenu,
Amherst, Massachusetts